Mapafu ya Mtoto wa Maman Ngoie

Wiki mbili zilizopita nililetewa ujumbe wa sauti kutoka Brussels. Nilikuwa barazani kwangu hapa Moshi nachambua mchele, miwani puani, vidole vimejaa pumba. "Docteur Joyce, ni miye Clarisse, mutoto wa dada ya Maman Ngoie. Maman ametuacha juzi. Alikuwa anakusemaka sana, donc nikasema lazima ujue." Niliusikiliza mara tatu, kisha ungo nikauweka chini. Kuna jambo nililifanya katika mji ule ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu, wala wanafunzi wangu, niliowafokea miaka nenda rudi juu ya kutunza siri za wagonjwa mpaka wakanibandika jina la Kufuli. Sasa mwenye jambo amekufa, profesa wangu alikufa zamani, nami nimestaafu, hakuna tena wa kunifukuza popote. Habari za kwetu, za wazazi wangu na nilivyohangaika kuupata udaktari, nitaziruka. Hazihusiki hapa, na isitoshe kila daktari akizianza huishia kujisifu. Nitausimulia mwaka mmoja tu.

Nilikwenda Brussels kujifunza upasuaji wa moyo na mapafu, nikapanga chumba ghorofa ya tatu huko Ixelles, chumba chenye dirisha moja, kitanda kinacholia ukigeuka, na bomba la joto ukutani ambalo liliamua lenyewe siku za kufanya kazi. Wenzangu hospitalini walikuwa watu wa adabu sana. Walinisalimia asubuhi, wakaniaga jioni, na katikati hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Wiki ya tatu, nikitembea barabara ya Chaussée de Wavre kutafuta unga, nikasikia nyuma yangu mwanamke anamgombeza mtu kwa Kiswahili, Kiswahili cha ajabu masikioni mwangu, chenye muntu na mutoto na alors katikati, lakini Kiswahili. Nikageuka kama mtu aliyeitwa jina. Ndiye huyo Maman Ngoie, mwenyeji wa Lubumbashi, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, amesimama mlangoni pa mgahawa wake wa meza sita akimsema mleta mboga. Nikamsalimia, akanitazama juu mpaka chini. "Weye uko wa wapi? Tanzanie? Njo maana umekonda. Ingia." Akaniletea bukari, ambayo ni ugali wetu ule ule, na sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga, akasimama pembeni mpaka sahani ikawa tupu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa pale kila Jumapili.

Meza ya karibu na jiko ilikuwa ya Tonton Mwamba, yaani Mjomba Mwamba, kaka mkubwa wa Maman, mzee mpole mwenye kifua kibovu, aliyekohoa na kuomba radhi kwa kila kikohozi. Aliishi nyumbani kwa dada yake, na dada yake alimtawala sawasawa: hiki kula, kile usile, vaa skafu, na sigara marufuku kabisa, kwa amri ya daktari na kwa amri ya Maman, ambayo ndiyo iliyotisha zaidi. Mtoto wa Maman, Serge, nilimwona mara tatu tu, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi, siku zote yuko ndani ya koti na yuko mbioni. Alinipa shikamoo kwa kunitania, maana aliwahi kusikia kwamba Watanzania huipenda. Mimi nikamjibu marahaba kwa sauti ya bibi kizee, akacheka, akatoka. Ndiyo mazungumzo yetu yote.

Kazi yenyewe sasa. Mtu akifa ubongo, mashine ikimpumulia na moyo bado unapiga, na familia yake ikawa haikupinga, hospitali hutafuta nani anaweza kuishi kwa viungo vyake. Sisi wa kifua tulikwenda kuchukua moyo na mapafu. Profesa wangu ndiye aliyekata, mimi nilikuwa msaidizi wa pili, maana yake nilishika alichoniambia nishike na mwisho nikabeba sanduku. Lilikuwa sanduku la plastiki la kawaida kabisa, deli kama la muuza aiskrimu wa pale stendi, limejaa barafu. Nilisoma miaka mingi ili nije Ulaya kubeba deli, na nakwambia sijapata kubeba kitu kingine kwa uangalifu namna ile. Moyo ukishatoka una kama saa nne hivi, na katika hizo kuna barabara, kuna foleni, kuna mtu upande wa pili amelala kifua wazi anausubiri. Profesa alikuwa mtu wa maneno machache na sheria moja aliyoirudia kila tulipovua glavu. "Joyce, ukitoka chumba hiki huna mdomo." Jina la aliyetoa lilikuwa kwenye karatasi alizokagua yeye peke yake, sisi wasaidizi hatukulijua, na aliyepokea hakulijua kabisa.

Watu wakiisikia kazi hiyo hudhani ni ya usiku wa manane. Ile ninayoisema ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, mwezi wa nne, jua dirishani, na muuguzi mmoja analalamika kwamba mkate wake umekauka akisubiri. Hospitali haikuwa yetu, ilikuwa ng'ambo ya mji. Uso wa kijana ulikuwa nyuma ya pazia la kijani kama kawaida, upande wa watu wa dawa ya usingizi. Nilipoanza kupaka dawa ya kahawia kifuani nikaona ngozi nyeusi kama yangu, mkono ukasita kidogo, kisha ukaendelea. Chini ya titi la kushoto palikuwa na kovu la moto la zamani, pana kama kiganja, linalong'aa. Nikapaka juu yake pia. Halafu profesa akaweka mikono kifuani pake mwenyewe, na chumba kizima kikanyamaza kwa dakika moja, kama tulivyofanya kila mara kabla ya kisu. Mwenye mkate naye aliinamisha kichwa.

Moyo ulikuwa mzuri, unaruka kwa nguvu, mishipa yake laini. Mapafu profesa alikuwa ameshayachungulia kwa kamera nyembamba kupitia njia ya hewa, na ilikuwa safi, haina makohozi wala wekundu. Kifua kilipofunguka akamwomba mtu wa usingizi ayajaze hewa, yakapanda yote mawili yakiwa na rangi ya waridi mpaka kwenye ncha. Mapafu ya wavutaji nilikuwa nimeyaona: yana masizi ambayo hayaoshwi na kitu. Haya hayakuwa nayo. "Tazama," akasema profesa, na hakuwa mtu wa kusifu, "huyu hajavuta hata moja." Akaniambia niyapapase nitafute uvimbe. Nikayapitisha vidoleni taratibu, juu hadi chini, yakitoa ule mchakacho mdogo wa hewa chini ya ngozi ya glavu. Sikukuta kitu. Kisha mshipa mkuu ukabanwa, maji ya baridi yakaingia, barafu ikamiminwa kifuani, na moyo ukasimama. Ukakatwa, ukafuatiwa na mapafu. Mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha deli, kisha ngazi, kisha gari. Mchana ule moyo ulipiga mahali pengine, na mapafu yakakubali. Nikarudi chumbani kwangu Ixelles nikalala na viatu.

Jumapili ile sikwenda mgahawani kwa uchovu, na iliyofuata nilikuwa zamu. Nilipokwenda nikakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: kuna kilio, ukumbi fulani mtaa wa nyuma. Nikaenda nikidhani ni Tonton Mwamba. Nikamkuta Tonton yuko hai, amekaa kona peke yake, ameinamia magoti. Serge alikuwa amegongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, akakaa siku mbili kwenye mashine, akafa ubongo, akazikwa. Maman Ngoie alikuwa akigawa chakula kwa waombolezaji, macho makavu, anauliza nani hajapata nyama. Wanawake nyuma yangu walikuwa wakinong'ona. "Hajalia hata tone." "Hata ku makaburi?" "Hata ku makaburi. Ule mama ana roho ya jiwe." Nikajipenyeza mpaka jikoni kumpa pole. Akanivuta nyuma ya mlango, na huko ndiko aliponiambia, huku anakwangua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

"Nilikuta sigara mu koti yake, Docteur. Pakiti mbili. Nikamuuliza, Serge, ni za nani? Akasema, si zangu, maman. Basi za nani? Akanyamaza. Baba yake alikufa juu ya sigara, nilimuuguza miye mwenyewe. Nikamuambia: uko muongo, na mapafu yako iko nyeusi sawa ya baba yako. Alikuwa bado hajakula. Akatwaa vélo, ile baiskeli, akaenda." Akaacha kukwangua. "Kisha badocteur wakaniita. Wakasema moyo yake inaweza kusaidia muntu, na mapafu. Nikasema batwae. Lakini nilicheka, unajua? Mbele yao. Mapafu ya sigara, munapelekea nani?" Nikamwambia maneno ambayo watu huyasema, kwamba alie, apunguze uchungu. Akatikisa kichwa. "Siwezi. Machozi inafika hapa," akagusa koo, "inarudia. Neno ya mwisho nilimupa ni muongo. Kama alinidanganya, namulilia namna gani? Na kama hakunidanganya?" Hilo la pili hakulimaliza. Akaanza kuniambia ukaidi wa Serge alipokuwa mdogo, jinsi alivyojimwagia uji wa moto akiuiba, ukamuunguza hapa, akaonyesha chini ya titi lake la kushoto, na hakulia, kwa kuogopa kwamba mama atajua alikuwa anaiba.

Nilihesabu siku, nikamuuliza hospitali gani, akanitajia. Mikono yangu ilikuwa mbele yangu, inashika bakuli la mchuzi, na nikaiona ni ile ile.

Sasa uone mtego niliokuwa nao kwa miezi minane. Kila Jumapili nilikaa meza ile, nikala chakula cha mwanamke yule, nikiwa na sentensi moja mdomoni ambayo angeitoa roho yake kuisikia. Au angekufa kwa kuisikia, maana nililipima pande zote mbili. Nikimwambia kijana hakuvuta, nimemrudishia mtoto wake mkweli, na papo hapo nimemwambia kwamba alimtukana asiye na kosa na kumtoa mlangoni na njaa. Nikinyamaza, abaki na mtoto mwongo asiyeweza kumlilia. Na juu ya yote hayo kulikuwa na sheria, na nyuma ya sheria kulikuwa na mimi, mwanafunzi mgeni ambaye angefungishwa mizigo siku hiyo hiyo. Nisijipambe: hilo la mizigo ndilo nililoliwaza kwanza.

Mwezi wa saba Maman akaniuliza mwenyewe, anafuta meza, kama anaulizia hali ya hewa. "Weye uko docteur wa mapafu. Mapafu ya muntu wa sigara, banatwaaka?" Nikamjibu ukweli wa kitabuni: wakati mwingine ndiyo, inategemea amevuta kiasi gani. Akasema, "Ah bon," akaenda na kitambaa chake. Jibu lilikuwa sahihi kabisa na nilijiona mnyonge. Wiki ile nikamwendea profesa, nikajitia kuuliza kwa jumla, je, familia ikitaka kujua jambo dogo tu, jambo jema? Alikuwa anakula tufaha kwa kisu, kipande kwa kipande. "Ukimwambia mmoja jema," akasema, "kesho utamwambia mwingine baya. Wao wametoa. Sisi tunashukuru na kunyamaza." Nimewafundisha vijana maneno yake kwa miaka thelathini, na ninayaamini. Pia, nikiwa daktari mzee, najua zaidi ya nilivyojua wakati ule: kijana aliyeanza kuvuta majuzi anaweza kuwa na mapafu safi ya kukudanganya. Macho ya profesa hayakuwa hati ya mahakama. Wakati ule sikuyajua hayo, na nashukuru sikuyajua.

Maman aliendelea kupika. Alinenepesha watu, mwenyewe akapungua. Kwenye ibada ya kumwombea Serge alitoka katikati kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa limewashwa. Watu wakazoea kusema ana roho ya jiwe, na baadhi ya wateja wakawa wanakula haraka na kuondoka. Tonton Mwamba yeye alizidi kunyamaza. Kikohozi chake kilikuwa kimepungua, na nilimsifu kwa hilo, akaangalia sahani yake.

Safari yangu ya kurudi ilikuwa Jumatatu, mwezi wa kumi na mbili. Jumamosi mchana nikaenda kuaga. Vioo vilikuwa na mvuke, meza zote sita zimejaa. Maman akaniletea bukari na sombe, halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa za wateja. Akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Toka kilio unakula kichwa chini," akasema. "Hauniangalie. Miye naona batu bakikula kila siku, Docteur. Najua mwenye ana njaa, najua mwenye ana kitu."

"Ni uchovu, maman."

"Apana." Akasogeza sahani yangu pembeni. "Ulikuwa pale?"

"Hilo siruhusiwi kulijibu."

"Bon. Haukusema apana." Akaweka mikono yake miwili mezani, viganja juu, mikono yenye alama za mafuta. Hakuniuliza tena. Alisubiri tu, na nilijua kwamba nikiinuka na kwenda zangu hatanilaumu, atanifungia chakula cha safari. Hapo ndipo niliposhindwa. Sikupima tena wala sikufikiria sheria, wala profesa na tufaha lake. Nilimwonea huruma, basi, huruma tupu.

"Yalikuwa safi," nikasema. "Nimeyashika kwa mikono hii. Safi kabisa, maman, mpaka kwenye ncha. Profesa wangu alisema huyu hajavuta hata moja."

Hakusogea. Nilimwona akilimeza lile neno polepole, na nikamwona akifika kwenye lile la pili ambalo hakulimaliza siku ya kilio. "Donc nilimuonea," akasema.

Kwenye meza ya karibu na jiko, Tonton Mwamba alikuwa ameacha kuchambua samaki wake. Akajiinua kwa kushika kiti. Alizungumza kwa sauti ndogo lakini ikafika meza zote. "Ngoie, zile sigara zilikuwa zangu. Weye ulinikatazaka. Nikawa namutuma mutoto aniletee, anazificha mu koti. Nikamuambia asiseme."

"Nilimuuliza ni za nani," Maman akasema, bila kumgeukia. "Nilimuuliza mara mbili."

"Njo vile. Alinitunzia heshima." Mzee alikuwa analia tayari. "Toka siku ile sijavuta tena. Nilishindwa kukuambia. Kila siku nilisema kesho."

Mimi nililielewa papo hapo, kama mtu yeyote wa kwetu angelielewa. Mtoto hamwaibishi mjomba wake mbele ya mama. Afadhali aitwe mwongo yeye, achukue baiskeli atoke, jioni yataisha. Profesa wangu angeelezwa siku nzima asielewe kwa nini kijana mwenye akili hakusema tu neno moja.

Nilidhani Maman atampiga. Aliinuka, akamwendea, akasimama mbele yake, yeye mfupi na kaka yake mrefu aliyepinda. Akamshika bega akamkalisha. "Maliza kula, yaya," akamwambia, kwa neno lao la kumwita kaka mkubwa. "Inapola." Kisha akaingia jikoni, tukamsikia anazima moto, jiko la kwanza, la pili, la tatu. Akarudi bila aproni. Akafika kati ya meza zetu, akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wanawake kwenye msiba, akafungua mdomo akamwita Serge kwa jina lake. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia hospitali yoyote. Mteja mmoja, Mkongo mwenye suti, akaenda akaufunga mlango kwa ndani. Wengine wakaweka vijiko, wakavua makoti, na mmoja mmoja tukashuka vitini tukakaa naye chini, mchana kweupe, miezi minane baada ya maziko, kumlilia mtoto wake.